Mgongo Ukiumia, Unyumba Haufi

Mwanaume akianguka kutoka juu ya mnazi, akigongwa akiwa kwenye bodaboda, au akifukiwa na kifusi machimboni, maswali ya siku za kwanza hospitalini yanajulikana. Atapona? Atatembea? Gharama atalipa nani? Wiki zikipita yanaongezeka mengine: mkojo utatolewaje, choo kitapatikanaje, vidonda vya mgandamizo vitazuiwaje. Lipo swali jingine ambalo mgonjwa analo kichwani tangu aliporudiwa na fahamu, na halitamkwi: je, bado mimi ni mume wa mtu?

Daktari anangoja mgonjwa aulize. Mgonjwa anangoja daktari aanze. Muuguzi anaona haya kumhoji mtu wa makamo ya baba yake. Mke anachelea kuonekana mwenye tamaa wakati mwenziwe hawezi hata kujigeuza kitandani. Mwishowe mtu anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amefundishwa kujipitishia mpira wa mkojo, lakini kuhusu unyumba hajaambiwa hata neno.

Ukimya huo haulingani na uzito wa jambo. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani Kim Anderson, ambaye mwenyewe anaishi na jeraha la uti wa mgongo, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha kama yake. Aliwauliza ni uwezo gani wangependa urudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitaja mikono. Waliopooza miguu walitaja uwezo wa kujamiiana, wakautanguliza mbele ya kutembea.

Makala haya yanamhusu mwanaume huyo, mwenzi wake na yeyote anayemhudumia. Unyumba baada ya jeraha la mgongo ni jambo la kujifunza upya. Lina maarifa yake, dawa zake na hatari zake, na anayeanza kujifunza mapema hurudisha kujiamini kabla ya yule anayekaa akingoja mwili urudi ulivyokuwa.

Jua jeraha lako liko wapi

Uume husimama kwa njia mbili. Ya kwanza inaanzia kichwani: jicho limeona, sikio limesikia, kumbukumbu imekuja. Ubongo unatuma ujumbe kupitia uti wa mgongo, na ujumbe huo unatoka kwenye sehemu inayoitwa T11 hadi L2, ambako mgongo wa kifua unakutana na kiuno. Njia ya pili haihitaji ubongo. Sehemu za siri zikiguswa, ujumbe unakwenda hadi mwisho wa chini wa uti, S2 hadi S4, na jibu linarudi papo hapo.

Kwa hiyo aliyeumia shingoni au kifuani, juu ya T11, mara nyingi hupoteza njia ya kwanza na kubaki na ya pili. Uume unasimama ukiguswa hata kama mwenyewe hahisi mguso. Unaweza pia kusimama anapoogeshwa au anapobadilishiwa mpira wa mkojo, bila yeye kutaka. Wahudumu na jamaa walielewe hilo, wasimwaibishe. Aliyeumia chini kabisa hupoteza njia ya mguso. Fikra zinaweza kumsaidia kiasi, ila mara nyingi uume hauwi mgumu vya kutosha wala haudumu. Mwenye jeraha lisilo kamili, yaani lililoacha sehemu ya mishipa ikifanya kazi, ana nafasi kubwa zaidi katika njia zote mbili.

Mwombe daktari akuandikie mambo mawili: kiwango cha jeraha kwa herufi na namba, na kama jeraha ni kamili au si kamili. Usijisomee mwenyewe kutoka kwenye picha ya eksirei, kwa sababu namba ya mfupa uliovunjika si lazima ilingane na namba ya sehemu ya uti iliyoumia.

Usijihukumu mapema pia. Baada ya ajali uti unaingia katika mshtuko, na kila kilicho chini ya jeraha kinalala, uume ukiwemo. Hali hiyo huchukua wiki, na kwa wengine miezi. Mwanaume anayejijaribu wodini katika mwezi wa kwanza na kuhitimisha kwamba amekwisha, amepima siku ambayo kipimo hakina maana.

Tafuta somo wako

Wapo wanaosema si mila yetu kuzungumza mambo haya. Mila zetu ziliyazungumza sana, ila ziliyapa mahali pake na watu wake: jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana, somo na kungwi kwa maharusi wa pwani. Hakuna aliyetarajiwa kuyajua bila kufundwa. Mwanaume aliyeumia mgongo ana mwili ambao hakuna aliyemfunda namna ya kuishi nao, na anastahili somo wake.

Somo bora ni mwanaume mwingine mwenye kiti mwendo, aliyeishi na jeraha kwa miaka kadhaa, mwenye mke au mchumba, na asiyeona haya kusema lililomshinda na lililomwezekania. Mtu wa namna hiyo anapatikana kliniki, kwenye vyama vya watu wenye ulemavu na kwenye mpira wa kikapu wa viti mwendo. Kilimanjaro kuna chama cha walioumia uti wa mgongo, KASI. Wanaotibiwa MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi au hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi wanakutana na wenzao kila siku ya kliniki, wakiwa benchi moja. Anza na maswali ya kiti na vidonda. La unyumba litafuata lenyewe.

Kwa wataalamu wa afya ushauri ni mwepesi: anzeni ninyi. Unapouliza habari za mkojo na choo, endelea moja kwa moja: “Na mambo ya unyumba, una swali lolote?” Akisema hana, mwambie mlango uko wazi, kisha muulize tena safari ijayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unataja afya ya uzazi na ya kujamiiana katika ibara ya 25, na haki ya kuoa na kuwa na familia katika ibara ya 23. Ukiliuliza swali hili unatimiza wajibu wako wa kazi.

Mke abaki mke

Nyumba nyingi zinaumia hapa kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mke ndiye anayemwogesha mumewe, anayemtoa choo, anayesafisha vidonda, anayempa dawa. Usiku akilala kando yake amechoka kama muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, na mume anaona haya kumgusa mtu aliyemfuta kinyesi asubuhi. Hapo mapenzi yanaweza kuzimika hata kama mwili ungeweza.

Gawaneni kazi. Ikiwezekana, suala la choo apewe ndugu wa kiume, kaka, mpwa au kijana anayelipwa. Mume mwenyewe ajifunze kujifanyia kila ambalo mikono yake inaweza, maana kila kazi anayojifanyia inampunguzia mkewe uuguzi. Isipowezekana kumpata mtu mwingine, tenganisheni nyakati: huduma zimalizike asubuhi, vifaa viwekwe mbali na macho, na jioni iwe ya wenyewe wawili. Mume naye ana lake la kutoa. Amsikilize mkewe, amsugue mabega, amsifu, acheze na watoto wakati mama anapumzika. Mwanamke anayehisi kuonwa hachelewi kusogea.

Wazazi na mawifi wakae mbali na kitanda. Maneno kama “huyu sasa hana kitu, tafuta maisha yako” yamevunja ndoa ambazo jeraha lenyewe lisingezivunja. Mama mkwe anayelala chumba kimoja na mgonjwa ili amuuguze amefanya wema, lakini baada ya muda arudishe chumba kwa wenyewe.

Mke pia ana hofu zake. Anaogopa kumuumiza, anaogopa mpira utachomoka, anahisi hatamaniwi tena kwa kuwa uume hausimami akikaribia kama zamani. Aelezwe zile njia mbili za juu. Mume anaweza kumtamani kwa moyo wote na uume usijibu, kwa sababu ujumbe umekatikia njiani.

Dawa zipo, na zina masharti

Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe anayeipenda. Haiunganishi mishipa ya fahamu. Vumbi la Kongo, mkuyati na vifurushi vinavyouzwa stendi ni suala jingine. Bidhaa nyingi za kuongeza nguvu za kiume zinazoitwa za mitishamba, zilipopimwa maabara katika nchi mbalimbali, zilikutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali kwa kiasi kisichojulikana. Kwa mwenye jeraha la mgongo, ambaye presha yake haitabiriki, kamari hiyo ni kubwa mno.

Dawa inayojaribiwa kwanza kwa wengi ni sildenafili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 kwa jina la Viagra na ambayo sasa inapatikana kwa majina mengi ya bei nafuu. Katika utafiti wa 1999 uliofanywa kwa wanaume wenye jeraha la uti wa mgongo, takriban robo tatu yao walisema uume ulisimama vizuri zaidi walipoitumia. Humezwa kiasi cha saa moja kabla, na mlo wenye mafuta mengi huichelewesha. Tadalafili ni ndugu yake. Hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hadi saa 36. Zote mbili zinahitaji mguso au hamu, haziamshi kitu zenyewe. Huwafaa zaidi waliobakiwa na njia ya mguso.

Masharti yake yashikwe. Dawa hizi hushusha presha, na walioumia juu tayari wana presha ya chini, hivyo daktari huanza na dozi ndogo. Zisichanganywe kamwe na dawa za moyo za jamii ya nitrati. Anayetumia ARV zenye ritonavia amwambie daktari, kwa sababu ritonavia huifanya sildenafili irundikane mwilini. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, nenda hospitali usiku huohuo. Ukichelewa unaweza kuharibika kabisa, na usiyehisi maumivu huna kengele ya kukuonya isipokuwa saa.

Vidonge visipofaa kuna njia nyingine. Ipo pampu ya kuvuta hewa, inayojaza damu kwenye uume, kisha pete ya mpira huvishwa kwenye shina kuizuia. Pete isikae zaidi ya dakika 30, wala usilale nayo. Ipo sindano ya alprostadili inayochomwa pembeni mwa uume. Hufanya kazi hata kwa ambao njia zote mbili zimekatika, lakini wao wanahitaji dozi ndogo kuliko wengine, na kipimo chake kipangwe na daktari wa njia ya mkojo. Upasuaji wa kuweka kifaa ndani huja mwisho, kwa sababu penye ganzi kifaa kinaweza kutoboa ngozi bila mwenyewe kujua.

Angalia pia dawa unazotumia tayari. Baklofeni ya kulegeza misuli, dawa za sonona na baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu. Usiziache kwa uamuzi wako, hasa baklofeni, maana kuikatisha ghafla ni hatari. Ukiwa na uchovu usioisha na hamu imekatika kabisa, omba kupimwa homoni ya testosteroni, ambayo mara nyingi hushuka baada ya jeraha hili.

Hatari isiyosubiri

Hapa anayehusika ni aliyeumia T6 kwenda juu, yaani kifua cha juu na shingo, pamoja na mwenzi wake. Msisimko mkali chini ya jeraha, kama kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, mtetemo au tendo lenyewe, unaweza kupandisha presha ghafla. Wataalamu huiita disirefleksia ya otonomiki. Dalili ni kichwa kuuma sana kwa kupwita, uso na shingo kuwa vyekundu au kuloa jasho, pua kuziba, ngozi kusisimka, na moyo kwenda polepole. Namba ya juu ya presha ya watu hawa kwa kawaida ni kati ya 90 na 110. Ikipanda kwa 20 au zaidi, kwao ni onyo, hata kama mashine inaonyesha namba ambayo kwa mtu mwingine ni ya kawaida.

Acheni mara moja. Mkalishe wima, miguu ining’inie chini. Legeza nguo, mkanda na pete yoyote. Tazama kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, umwondolee mkojo. Kama kichwa hakitulii ndani ya dakika chache, kimbilieni hospitali, maana presha hiyo inaweza kuleta kiharusi. Mkifika, mtajeni dawa aliyomeza. Aliyemeza sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, asipewe nitrati, ambayo baadhi ya madaktari hutumia kushusha presha ya namna hii. Mke akijua sentensi hiyo moja anaweza kuokoa maisha.

Kabla, wakati na baada

Punguza vinywaji saa chache kabla, kisha toa mkojo. Choo kiwe kimeshughulikiwa mapema siku hiyo kwa ratiba yako. Mwenye mpira wa kudumu amuulize muuguzi kama anaweza kuuchomoa kwa muda. Vinginevyo ukunjwe kando ya uume na kufunikwa kwa kondomu, kukiwa na kilainisho cha kutosha. Mpira wa tumboni unabandikwa pembeni kwa plasta. Tandikeni taulo. Mkojo ukitoka, pangusa, cheka, endelea. Kama una maambukizi ya mkojo, subiri upone.

Mara za mwanzo, wekeni nia ya kuufahamu mwili tu, bila kulazimisha tendo. Mke apitishe mkono taratibu kuanzia kichwani kushuka: masikio, shingo, chuchu, mikono, hadi ule mstari ambapo hisia zinaishia. Wengi hugundua kwamba sehemu iliyo juu kidogo ya mstari huo imekuwa nyepesi kuhisi kuliko ilivyokuwa. Wapo wanaofika kileleni bila kutoa shahawa, na kilele chenyewe huja kwa sura mpya: joto, misuli kutetemeka, kisha utulivu. Mikono na mdomo vina kazi kubwa hapa, na mwanamke anaweza kuridhika kikamilifu hata siku ambayo uume haukusimama.

Mkao mwepesi ni mume kulala chali, mito ikiwa chini ya magoti, au wote wawili kulala ubavu. Kiti mwendo pia kinafaa, kikitolewa mikono ya pembeni na kufungwa breki. Misuli ikikakamaa, tulieni hadi ilegee.

Mkimaliza, kagua ngozi kwa kioo au kwa macho ya mwenzi: makalio, magoti, uume. Penye wekundu usiopotea, ondoa uzito mpaka upotee. Kondomu ina umuhimu uleule kama zamani, kwa kuwa asiyehisi maumivu anaweza kuwa na ugonjwa wa zinaa bila kujua. Macho na vipimo vichukue nafasi ya maumivu. Mafuta ya nazi na Vaseline huidhoofisha kondomu, tumieni kilainisho cha maji. Wanaotumia mipira ya hospitali kwa miaka wanaweza kupata mzio wa ulimbo wa mpira, na kwao kuna kondomu zisizo za ulimbo huo.

Watoto

Wengi huambiwa mitaani kwamba hawatazaa. Mara nyingi mbegu zinaendelea kutengenezwa, ila haziogelei vizuri, na shahawa hazitoki zenyewe wakati wa tendo. Kwa walioumia juu ya T10, mashine maalumu ya mtetemo iliyowekwa kwenye kichwa cha uume hufanikiwa kutoa shahawa kwa walio wengi. Mara ya kwanza ifanyike hospitali, presha ikipimwa, kwa sababu ya hatari iliyotajwa juu. Wengine husaidiwa kwa umeme mdogo hospitalini. Mbegu zikipatikana, zinaweza kupandikizwa kwa mke kwa njia rahisi au, ikibidi, kwa kurutubisha nje ya mwili, huduma ambayo Dar es Salaam na Nairobi ipo ingawa gharama yake ni kubwa. Anayetoa shahawa mwenyewe asiwaamini wa mitaani: anaweza kutia mimba, hivyo na uzazi wa mpango unamhusu.

Kujiamini

Kujiamini kunajengwa mchana zaidi kuliko usiku. Mwanaume aliyerudi kwenye kazi yoyote, awe anashona, anarekebisha simu au anauza duka, anaingia chumbani akiwa mtu mwingine. Nguo safi, nywele zilizonyolewa, kiti kinachomtosha na harufu nzuri si anasa. Pombe ya kuondoa aibu huiondoa pamoja na nguvu. Usiku wa kukosa usingizi, kukata tamaa au kuwaza kujiua ni ugonjwa wenye tiba. Mwambie mtu leo.

Kijana ambaye hajaoa asianze kwa kuomba radhi kwa mwili wake. Msichana akishazoea mazungumzo yake, amweleze kwa maneno machache: jeraha langu liko hapa, ninaweza hiki, hiki ninatumia dawa, hiki tutajifunza pamoja. Atakayeondoka ataondoka mapema, na atakayebaki atakuwa amebaki akijua.

Kliniki ijayo nenda na karatasi yenye mambo manne: kiwango cha jeraha lako, orodha ya dawa zote unazotumia, presha yako ya kawaida, na swali lako. Mkeo akitaka, aingie nawe. Ukishakaa mbele ya daktari, usizunguke. Sema hivi: “Daktari, nataka kuendelea na unyumba na mke wangu. Kwa jeraha langu, tuanzie wapi?” Asipojua, akuandikie rufaa kwa anayejua, na usitoke bila karatasi hiyo mkononi.